Mama Apambwe Kwanza

Maua ya plastiki yana harufu. Wanaosema hayana ndio haohao wanaoyanunua. Wifi yangu, mke wa kaka, aliingia sebuleni kwake na mfuko uliojaa, akaumwaga juu ya kochi, na ile harufu ya ndala mpya ikanipanda puani mpaka nikaenda kufungua dirisha.

"Meupe matupu," akasema, kajaa fahari. "Nimezunguka soko zima kuyapata."

"Wifi, kwenye fensi yako kuna maua ya njano yamechanua hadi yanajimwaga chini. Haya ya nini?"

"Hayo yananyauka. Haya yanakaa."

Yanakaa! Shughuli ya mchana mmoja, yakae yamngoje nani? Nikameza maneno. Kazi yangu ni kupamba sherehe za majumbani, na mtu wa kazi hii asipojua kumeza maneno atakula jeuri yake. Ila siku ile nilimeza mengi mno.

Kaka yangu tunamwita Meneja. Umeneja anao kweli kazini, lakini hajui kuuacha huko. Hata akiomba maji ya kunywa utadhani anafungua kikao. Alinipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, tumeazimia kumfanyia mama bethdei." Nikacheka. Mama na bethdei wapi na wapi? Anachojua ni kwamba alizaliwa msimu wa mvua, paa linavuja, na mkunga alichelewa. Tarehe hana. Kaka akasema tarehe ameshampangia, Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi yeye haendi kazini.

Nikafurahi, mjinga mimi. Mama alikuwa anakaa kwake tangu alipotoka hospitali, amekonda, nguo zinamvaa. Meneja alituambia ni vidonda vya tumbo, vitapona taratibu. Nikasema moyoni, sherehe itamchangamsha.

Kupamba sebule ndogo kunataka macho kuliko pesa. Kwanza unatoa, ndipo unaweka. Unatoa kalenda ya mwaka juzi, unatoa lile dubwana la spika lisilolia, unatoa viatu vilivyorundikana nyuma ya mlango. Ukishatoa, nusu ya kazi imekwisha na hujanunua kitu. Halafu unachagua rangi mbili, na ya tatu kidogo tu ya kuchokoza. Maua unachuma palepale nje, unayakata mafupi, unayatia kwenye chupa za jemu, ili watu wakikaa mezani waonane nyuso. Kitambaa unakipiga pasi, maana hata kiwe cha ghali namna gani, kikikunjamana ni tambara. Taa ya juu unaizima, unawasha ndogondogo za chini, kwa sababu taa ya juu inamtoa kila mtu makunyanzi. Maputo unayafunga pamoja kwenye kona moja. Ukiyatawanya moja huku moja kule, ukuta unaonekana una vipele.

Wifi hakutaka hata moja la hayo. Alitaka nyeupe. Kitambaa cheupe ukuta mzima, kingine mezani, maua meupe, na viti vyote vipangwe kuzunguka ukuta, katikati pawe wazi.

"Sasa watu watazungumzaje, wamekaa mbalimbali hivi?" nikamuuliza. "Watapigiana simu?"

"Panga tu, wifi."

Nikapanga. Nikapanda juu ya stuli, nikatundika kitambaa, nikakivuta kikanyooka. "Haya, hapa katikati tuandike jina la mama. Herufi za karatasi ya dhahabu ninazo kwenye begi."

"Usiandike kitu. Wala usikitoboe kwa pini, kibane kwa vibanio. Tutakihitaji tena si muda mrefu."

"Kwa shughuli gani?"

"Shughuli," akasema, akainama kuokota ua lililoanguka.

Nikadhani labda mdogo wake anaolewa. Akaenda chumbani, akarudi na fremu kubwa ya picha, tupu, akaisimamisha kwenye kimeza kidogo pembeni ya kitambaa. Akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akarudi nyuma kuitazama huku kakunja uso.

"Fremu tupu, kwenye bethdei?"

"Mpiga picha anakuja mapema. Atampiga mama peke yake kabla ya wageni. Nilikuwa naangalia tu itakavyokaa."

Nikashuka kwenye stuli, nikaitazama sebule yote, na kinyaa kikanishika. Mapambo mabaya nimeyaona mimi. Nimeona keki iliyochorwa sura ya bwana harusi, shavu moja limevimba kama limeng'atwa na nyuki. Nimeona meza imemwagiwa vumbi la kumetameta mpaka wageni wakawa wanatema wali. Hayo yalinichekesha. Hii sebule ilikuwa safi, imenyooka, hakuna kasoro ya kuinyooshea kidole, na ilinitia kichefuchefu. Sikujua kwa nini. Nikaenda chumba cha nyuma kumsalimia mama.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshaoga, anajipaka mafuta mikononi. Mikono ya mama inajulikana mtaa mzima. Miaka yote tunakua, mwanamke akifariki, aliyeitwa kwenda kumwosha na kumvisha alikuwa mama. Watoto wenzetu waliogopa kula kwetu, eti mama yenu anashika maiti. Mama hakujali. Aliwaambia, maiti hajawahi kuniibia wala kunisengenya, wazima ndio wa kuogopa.

"Umekuja, mama'angu?" akasema. Mimi huniita hivyo. "Unawapamba?"

"Nawapamba."

"Wewe unapamba wazima, mimi nilipamba wafu. Tofauti yetu ni kwamba wateja wako wanalalamika."

Utani huo anautoa kila tukionana, na kila mara nacheka. Maana kwa watu wengine kupamba ni maua na vitambaa. Kwa mama kupamba ni pamba, ile anayowekwa marehemu puani na masikioni kabla ya kufungwa. Neno moja, kazi mbili, na mama alipenda kunichokoza nalo.

"Umeweka rangi gani?" akauliza.

"Nyeupe. Mkweo ndiye kaamua."

"Nyeupe!" Akaacha kujipaka. "Nimeishika nyeupe maisha yangu yote, imenichosha. Hukuona vitenge vyangu kwenye sanduku? Kile cha njano, kile chenye ndege. Weka rangi bwana, watu wakiingia wajue humu kuna mtu."

Nikamwahidi nitamtafutia pa kuviweka, wifi apende asipende. Hapo tukasikia mlango wa mbele unagongwa, na sauti ya wifi sebuleni inamkaribisha mpiga picha.

"Kaa hapo kidogo, kaka. Mama apambwe kwanza, ndipo umpige."

Mama akanitazama. Tabasamu lake likafutika polepole.

"Apambwe nani?" akauliza.

Wifi aliingia na mkoba wa vipodozi, wigi kalishika mkononi limening'inia. Akamvalisha mama hilo wigi bila hata kumwomba kichwa. Akafungua kopo la poda, nyeupe kuliko ngozi ya mama kwa mbali kabisa, akachovya pamba, akaanza kumpaka mashavuni. Paji la uso. Kidevu. Sura ya mama ikawa inapotea mbele ya macho yangu, inakuja nyingine ya kijivujivu. Nilitaka kumpokonya ile pamba. Akaichovya tena, akaipeleka puani.

Mama akamdaka kiwiko.

"Bado napumua," akasema.

Wifi akacheka kicheko cha mdomoni. "Mama naye! Ni poda tu. Haya, twende, mpiga picha anangoja."

Nikampa mama bega, tukaenda sebuleni taratibu. Mpiga picha, kijana mwenye adabu zake, alikuwa ameshaweka kiti mbele ya kitambaa. Mama akaketi. Kijana akainua kamera.

"Bibi, tazama hapa. Usicheke. Mabega yawe sawa. Ni ya kifuani kwenda juu tu."

Mama hakumtazama. Alikuwa anaangalia kile kitambaa nyuma yake, kisha viti vilivyozunguka ukuta, kisha ule uwazi katikati ya chumba, kisha kimeza na fremu yake. Vyumba vya namna hiyo ameviingia mara ngapi, pamba mkononi, watu wamekaa kimya ukutani.

"Nani amefariki?" akauliza.

Wifi akacheka tena. Mimi nilikuwa namtazama mpiga picha. Kijana aliteremsha kamera, akaanza kuifuta kioo, na kioo hakikuwa na uchafu wowote. Haya yanakaa. Usikitoboe. Tutakihitaji tena. Jamani! Jamani, jamani!

Meneja nilimkuta jikoni anapanga soda kwenye beseni la barafu, chupa zote zimeelekezwa upande mmoja. Nikafunga mlango.

"Mama ana nini?"

"Punguza sauti."

"Nakuuliza, mama ana nini?"

Akajifuta mikono. Akajifuta tena. "Ni ini. Daktari aliniita pembeni akanieleza. Limeharibika, hakuna la kufanya. Ni suala la miezi, pengine pungufu."

Nikashika ukingo wa sinki. "Na mama anajua?"

"Kumwambia ni kumuua kabla ya siku zake."

"Na kile kitambaa?"

Kaka yangu akainyoosha chupa moja ya soda. "Unakumbuka msiba wa baba? Picha hatukuwa nayo, tukakuza ile ya kitambulisho mpaka sikio likawa ukungu. Watu walisema. Viti vya kuazima, turubai limetoboka. Safari hii nikaona tujipange mapema, tupate picha nzuri. Sasa shemeji yako…" Alikuwa amechanganyikiwa hadi amemwita mkewe shemeji yangu. "Wifi yako akaona, kwa nini tununue vitu mara mbili? Viwe vya kutumika leo na siku hiyo."

Niliinama kwenye sinki nikatema mate machungu. Mtu yu hai, anajipaka mafuta mikononi, anataka kitenge chenye ndege, na mwanawe kampimia sanda akaiita bethdei! Na mimi ndiye niliyeitundika. Mimi niliyepanda kwenye stuli, nikakinyoosha kisiwe na mkunjo.

"Kaka, unanuka," nikamwambia. "Wewe na mkeo na maua yenu. Mficha maradhi kifo humuumbua, hukufundishwa?"

"Maradhi yenyewe si yangu."

"Ndiyo! Si yako! Ni ya mama, na umeyakalia!"

Akanishika mkono, sauti imelainika. "Nakuomba, mdogo wangu. Wageni wako njiani. Usimharibie siku yake. Acha afurahi leo tu."

Nitasema kweli: niliyumba. Nilimwona mama amezungukwa na watu, anakata keki, hajui. Sekunde hiyo nikaona afadhali. Halafu nikakumbuka uso wake chini ya ile poda, anavihesabu viti kwa macho, na nikajua kwamba nusu ameshaijua.

"Meneja!" Ilikuwa sauti ya mama, kutoka sebuleni. "Njoo hapa. Na dada yako."

Tulimkuta kwenye kilekile kiti. Wigi amelivua, liko mapajani. Wifi na mpiga picha amewatoa nje. Nikafungua mdomo.

"Wewe funga," akaniambia. "Aseme aliyeambiwa."

Kaka akasimama wima, akakohoa. "Mama, suala hili lina pande mbili…"

"Nipe upande mmoja. Ule mbaya."

Meneja akatafuta maneno yake ya vikao na hakuyapata. Akachuchumaa mbele ya mama. "Ni ini, mama."

"Si vidonda."

"Si vidonda."

"Lina dawa?"

"Halina."

Nje tulimsikia wifi anaongea na mtu kwa simu, anamwelekeza njia. Mama akageuza mikono yake, akatazama viganja, akaigeuza tena.

"Basi kama halina dawa," akasema, "mbona mmeninyima chumvi miezi yote hii?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka chenyewe, kikageuka kilio hapohapo. Kaka akaanza, "Daktari alishauri…" na mama akamwambia aende kuleta chumvi. Alipotoka, mama naye akalia. Hakulia sana. Alilia kama mtu anayemaliza kazi haraka kabla hajaingiliwa, akajifuta kwa upande wa kitenge, poda yote ikabaki nguoni.

"Nimeosha wanawake wengi," akaniambia. "Wapo niliowakuta usoni wana mshangao. Nikawa najiuliza, huyu hakuaga mtu? Kumbe hakuambiwa. Wanawe walikuwa nayo habari yake, wamemfichia, wanakula nayo."

"Nitakitoa hiki kitambaa sasa hivi, mama. Nakichana."

"Kitambaa hakina kosa. Kitoe tu. Na lete sanduku."

Sijawahi kupamba haraka vile. Kitenge cha njano nilikitundika ukutani, chenye ndege nikakitandika mezani, vingine nikavitupia juu ya makochi. Nikatoka na kisu kwenye fensi, nikarudi nimekumbatia maua, nikayatia kwenye chupa, kwenye vikombe, kwenye buli lisilo na mfuniko. Viti nikavisogeza karibukaribu, vitatu hapa, vinne pale, magoti kwa magoti. Fremu nikaibwaga nyuma ya kochi. Maua ya plastiki nikayarudisha kwenye mfuko wake, nikaufunga fundo, kwa sababu kuyashika tu kulinitia kinyaa.

Wifi alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Sasa wageni watasemaje? Tumewaalika bethdei."

"Bethdei siitaki," mama akajibu. Alikuwa anakula tango kwa chumvi, na kila akitafuna anafumba macho. "Tarehe yenyewe mmenipa ya ofisini. Wageni ataongea nao mumeo. Atasimama mlangoni, na kila anayeingia atamwambia: mama hatapona, amewaita muonane. Amwambie mmojammoja, kwa mdomo wake. Mimi hiyo kazi simsaidii."

"Mama, mbele za watu?" Meneja akasema.

"Mbele zangu ulishindwa. Labda mbele za watu utaweza."

Akaenda. Sikumhurumia. Alisimama pale mlangoni na shati lake la pasi, mkono kwenye kitasa.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Ndoo, shoga yake mama wa miaka na miaka. Ndiye aliyekuwa akimbebea maji walipokwenda kuosha, ndiyo maana ya jina. Alikuja na kundi la wanawake wa mtaani nyuma yake, wamependeza, kila mmoja na zawadi yake imefungwa kwenye karatasi. Mama alikuwa amekaa katikati ya sebule, katikati ya rangi zake, na kila neno la mlangoni alilisikia, kama nilivyolisikia mimi.

"Karibu, mama," kaka akaanza. "Nina jambo la… Mama hatapona. Ni ini. Amewaita…"

Mama Ndoo akamshika bega. "Pole, baba. Tunajua. Mkeo alituambia wote alipokuja kutualika. Akatuonya tusije na nyuso za huzuni." Nyuma yake wanawake wakatikisa vichwa, macho chini, wanaangalia zawadi zao.

Nikageuka kumtazama wifi. Alikuwa ameshaingia jikoni.

Mama akaweka kipande chake cha tango kwenye sahani.

"Kumbe msiba wangu ulishaanza," akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Ni mimi tu sikualikwa."

Mama Ndoo alibaki palepale kizingitini, zawadi mkononi, hajui aingie au arudi.